Dumuzi Asile Chakula Chetu: Utunzaji wa Mahindi Baada ya Kuvuna

Leo sitazungumza nawe juu ya kupanda wala kupalilia. Nataka tuzungumze juu ya kazi inayobaki baada ya jembe kuwekwa pembeni, yaani kuyatunza mahindi uliyokwisha kuyavuna. Wengi wetu siku ya mavuno huhesabu magunia tukafurahi, kisha tukasahau. Lakini gunia la mwezi wa Julai si lazima liwe gunia mwezi wa Februari.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tuseme umevuna magunia 10 ya kilo 100 kila moja. Nyumbani kwako mnapika kilo 2 kwa siku. Kwa mwezi ni kama kilo 60, na kwa mwaka mzima ni kilo 730, yaani magunia 7 na kilo 30. Kwa hiyo unabakiwa na kilo 270 za kuuza. Hizo ndizo sare na madaftari ya watoto mwezi wa Januari, ndizo mbegu na mbolea, ndiyo nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Sasa wadudu wakila robo tu ya mahindi yako, wamekula kilo 250. Umebakiwa na kilo 20. Mvua ilinyesha vizuri, ulipalilia kwa wakati, jirani wote walikusifu. Na bado mwezi wa Januari unakwenda kukopa. Njaa ya namna hii haikutoka shambani. Imetoka ghalani.

MDUDU MWENYEWE NI NANI?

Wadudu wanaokula mahindi ghalani ni wengi, lakini wakubwa ni wawili. Wa kwanza ni fukusi, ambaye wazee wetu wanamfahamu tangu zamani. Ana pua ndefu kama mrija, na hutoboa punje moja moja. Wa pili ni dumuzi, na huyu ni mgeni.

Asili ya dumuzi ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Huku kwetu wakulima wa Mkoa wa Tabora ndio waliomwona kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1970. Waliona mahindi yakigeuka unga ndani ya vihenge, wakaeleza, na mwaka 1981 wataalamu wakamtambua kuwa ni mdudu ambaye hakuwa wa Afrika. Wakulima walikwisha kumpa jina lao: wakamwita Scania, kama lile lori kubwa. Mwaka 1983 alikwisha kuonekana Taveta, upande wa Kenya. Tangu hapo amesambaa katika nchi nyingi za Afrika, na kila msimu husafiri pamoja na magunia yaendayo sokoni.

Utamtambuaje? Dumuzi ni mdogo, urefu wake ni milimita 3 hadi 4 na nusu. Rangi yake ni kahawia iliyokoza. Mwili wake ni wa mviringo kama kipande cha kijiti, na upande wa nyuma unaonekana kana kwamba umekatwa kwa kisu. Ukimtazama kwa juu huoni kichwa chake, kwa sababu kimejificha chini ya kifua. Lakini hata usipomwona mwenyewe, kazi yake utaiona. Fukusi huacha tundu. Dumuzi huacha unga. Ukiinua gunia ukakuta unga mweupe mwingi umemwagika chini, jua kwamba mgeni amefika.

Dumuzi hali mahindi peke yake. Hula pia makopa ya muhogo, na huko uharibifu wake ni mkubwa kuliko hata kwenye mahindi. Hutoboa mbao, miti ya kujengea ghala, na hata mfuko wa plastiki. Porini huishi ndani ya miti mikavu, kisha huruka hadi kwenye maghala yetu. Kwa hiyo usidhani kwamba ukiua waliomo ndani umemaliza. Wengine wako nje, wanangojea.

Katika uchunguzi uliofanywa Tabora miaka ya mwanzo ya 1980, baadhi ya maghala yalipoteza karibu theluthi moja ya uzito wa mahindi kwa muda wa miezi michache tu. Hayo yalikuwa mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake. Shika neno hilo, maana tutalirudia.

KWA NINI TUPUKUCHUE?

Wazee wetu walihifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi, tena mengine na maganda yake, juu ya dungu au kwenye kihenge. Hawakukosea. Kwa fukusi, ganda linalofunika vizuri ni kinga. Lakini kwa dumuzi mambo yamegeuka. Mdudu huyu hupenda punje iliyoshikiliwa imara ili apate mahali pa kujikaza anapotoboa. Kwenye gunzi punje zimepangwa na kubanwa, naye hupita kutoka punje hadi punje bila taabu. Ukipukuchua, punje zinateleza na kugeukageuka, na kazi yake inakuwa ngumu. Tena, dawa ya unga haiwezi kuingia katikati ya gunzi, bali kwenye punje zilizopukuchuliwa huenea kote.

Kwa hiyo shauri la kwanza ni hili: usihifadhi na magunzi. Pukuchua. Najua kazi hii ni nzito, na mara nyingi huwaangukia akina mama na watoto. Panga kazi kwa zamu, na waume nao washike. Kama kuna mashine ya kupukuchua kijijini, changeni mkodi pamoja. Wengine hujaza gunia wakalipiga kwa fimbo. Njia hiyo ni ya haraka, lakini hupasua punje, na punje iliyopasuka ni mlango wazi kwa wadudu na ukungu. Ukipiga, piga kwa kiasi, kisha pepeta na kutoa vipande vyote vilivyovunjika.

KUKAUSHA, NA KOSA LANGU MWENYEWE

Sasa tunafika mahali ambapo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu somo hili nililipata kwa gharama.

Mwaka wa kwanza baada ya kumaliza masomo ya kilimo, nilikwenda nyumbani kwa mama yangu nikiwa na mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Nilikuwa na furaha kubwa. Nilitaka kijiji kizima kione. Mahindi yalikuwa yamevunwa kwa haraka, kwa kuwa mvua ilikuwa imerudi bila kutegemewa. Mama aliniambia, "Mwanangu, haya hayajakauka. Tuyaanike siku mbili tatu tena." Mimi nikachukua punje moja, nikaiuma, ikalia. Nikamwambia, "Mama, yako tayari." Tukajaza magunia matatu, nikayafunga mwenyewe, nikarudi kazini.

Mwezi wa Desemba aliita niende. Tulipofungua mfuko wa kwanza, harufu ilitufukuza. Mahindi yalikuwa na ukungu wa kijani na manjano. Wa pili vilevile, na wa tatu vilevile. Dumuzi hakuwamo hata mmoja, lakini na chakula hakikuwamo. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, tuwape kuku." Hapo ndipo nilipolazimika kumwambia neno gumu zaidi: hata kuku wasipewe. Tulichimba shimo mbali na kisima, tukafukia magunia matatu. Mwaka ule nilinunua mahindi ya mama kwa mshahara wangu, miezi minne mfululizo.

Kwa nini hata kuku wasile? Kwa sababu ukungu ule hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, haina ladha, na haitoki kwa kupika wala kwa kukaanga. Huharibu ini. Akila kuku, humdhuru mwenyewe na huweza kuingia katika mayai. Akila ng'ombe, huingia katika maziwa. Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, watu 125 walikufa kwa sumu hii. Mwaka 2016, hapa kwetu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafa. Walikula mahindi ya nyumbani kwao.

Sasa fuata hatua hizi:

1. Vuna mahindi yakikomaa. Usiyaache shambani muda mrefu, maana dumuzi na fukusi huanza kuingia huko huko shambani.

2. Usianike juu ya udongo mtupu. Anika juu ya turubai, mkeka au kichanja. Ukungu unaotoa sumukuvu huishi udongoni.

3. Geuza mahindi mara kwa mara, na jioni yafunike au uyaingize ndani ili yasipate umande.

4. Chagua. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizonyauka au kupasuka, ziondoe. Usizitie kwenye pombe, wala usizisage "za mifugo".

5. Pima ukavu. Usifanye kama nilivyofanya mimi. Usitegemee jino peke yake.

Kipimo rahisi ni cha chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Chukua chumvi uliyoianika juani ikakauka sawasawa, gramu 20 hadi 30, yaani kama kijiko kimoja cha chakula kilichojaa. Tia mahindi hadi kufikia kama theluthi ya chupa, kisha tia ile chumvi. Funga, tikisa kwa nguvu kwa dakika moja, halafu iache itulie dakika 15. Tazama ubavuni mwa chupa. Chumvi ikiwa imeng'ang'ania kwenye kioo, mahindi bado yana maji mengi: rudisha juani. Chumvi ikianguka chini yote na kioo kikabaki safi, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15, na unaweza kutia mahindi kwenye gunia la kawaida. Lakini kwa mfuko usiopitisha hewa hiyo haitoshi, inatakiwa asilimia 13 hivi. Basi ongeza siku moja au mbili za jua kali, ndipo ufunge. Kama bwana shamba wenu ana kile chombo cha kupimia unyevu, mpelekee sampuli. Hiyo ndiyo njia ya uhakika.

USAFI WA GHALA

Kabla ya kuingiza mahindi mapya, toa yote ya zamani. Usichanganye ya mwaka jana na ya mwaka huu. Ukifanya hivyo, umewapelekea wadudu karamu mlangoni. Fagia sakafu, kuta na nyufa. Takataka na magunzi ya zamani yachome moto, usiyarundike kando ya ghala. Kagua nguzo na fito: ukiona vitundu vya mviringo na unga wa mbao, badilisha ule mti. Magunia ya zamani yatie katika maji yanayochemka, kisha yaanike. Ghala la nje liwe na miguu iliyoinuliwa kiasi cha mita moja, na kila mguu uvishwe kipande cha bati ili panya wasipande. Panya hutoboa mfuko, na tundu moja tu linaharibu kila kitu.

NJIA TATU ZA KUHIFADHI

Njia ya kwanza ni dawa ya unga. Zamani wengi walitumia dawa ya aina moja, wakashangaa kwamba fukusi anakufa lakini dumuzi anabaki. Sababu ni kwamba dawa inayomuua fukusi vizuri haimwezi sana dumuzi, na inayomweza dumuzi haimwezi sana fukusi. Ndiyo maana zikatengenezwa dawa zilizochanganywa aina mbili, kama vile Actellic Super. Kipimo chake ni gramu 100 kwa gunia moja la kilo 90 hadi 100. Mwaga mahindi juu ya turubai, nyunyiza dawa, kisha geuza kwa beleshi hadi kila punje ipate. Usipakae nje ya gunia tu ukadhani umemaliza. Funika pua na mdomo kwa kitambaa, simama upande upepo utokako, na ukimaliza nawa kwa sabuni. Dawa nyingine zina vipimo vyao, kwa hiyo soma kibandiko, pamoja na muda wa kungoja kabla ya kula. Kama husomi, mwombe mtoto wa shule akusomee mbele ya muuzaji.

Njia ya pili ni mifuko isiyopitisha hewa. Inayojulikana zaidi ni ile ya PICS, ambayo asili yake ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na wataalamu wa Kameruni, uliofanywa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde. Mfuko huu una mifuko miwili ya plastiki ndani, na gunia la kufumwa nje. Hauna dawa yoyote. Wadudu waliomo ndani huvuta hewa hadi inawaishia. Huacha kula, huacha kuzaa, mwisho hufa. Kabla ya kujaza, kagua kila mfuko wa plastiki: ujaze hewa, ubane mdomo, usikilize kama kuna tundu. Jaza mahindi huku ukishindilia ili hewa itoke. Sokota mdomo wa plastiki ya ndani, ukunje, ufunge kwa kamba. Fanya hivyo kwa plastiki ya pili, kisha kwa gunia la nje. Weka juu ya chaga, usiegemeze ukutani. Usifungue ovyo kila siku. Mahindi ya kula yatenge mfuko wake. Mfuko ukitunzwa bila kutoboka hutumika zaidi ya msimu mmoja.

Njia ya tatu ni kihenge cha bati. Hiki bei yake ni kubwa mwanzoni, lakini hudumu miaka mingi, na panya hawezi kukitoboa. Ukisha kujaza mahindi makavu, weka mshumaa unaowaka katika kibakuli juu ya mahindi, kisha funga na kuziba mfuniko. Mshumaa utakula hewa iliyobaki hadi uzimike wenyewe. Kihenge kikae kivulini, si juani.

Ipi ni bora? Inategemea mfuko wako wa fedha na wingi wa mahindi. Mwenye magunia manne anaweza kuanza na mifuko minne. Kikundi chenye magunia mengi kinaweza kuchangia vihenge. Tena si lazima mazao yote yahifadhiwe. Yale unayojua utayauza mwezi huu, yauze. Yale ya kula hadi mavuno mengine, hayo ndiyo uyalinde kama mboni ya jicho.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kamwe usitie mahindi ya chakula dawa ya pamba wala dawa yoyote ya shambani, hata kama jirani atakuapia kwamba mwaka jana alitia na hakufa. Vile vidonge vya kufukiza maghala makubwa usivitumie ndani ya nyumba mnamolala. Gesi yake huua watu usingizini. Kazi hiyo ni ya wataalamu na maghala yao.

Jihadhari pia na dawa ya bandia. Nunua katika duka la pembejeo linalotambulika, pakiti ikiwa haijafunguliwa, na tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye karatasi sokoni. Omba stakabadhi na uitunze, ili dawa isipofanya kazi uwe na pa kuanzia malalamiko.

Wakulima wengine huniuliza: je, hakuna mdudu wa kumla dumuzi? Yupo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mdudu adui yake kutoka Amerika ya Kati aliachiliwa katika nchi za Togo, Benin na Kenya. Huyo husaidia kupunguza dumuzi waliomo porini. Lakini usimngojee akuchungie ghala. Ghala ni lako, na mlinzi ni wewe.

MSAADA UPO WAPI?

Wa kwanza ni afisa ugani wa kata au kijiji chako. Usingoje akukute, mfuate, mwambie aje na chombo cha kupimia unyevu, na mkusanyike watu kumi au ishirini ili safari yake moja ifae wengi. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, yaani TARI, ina vituo katika kanda mbalimbali, kama vile Tumbi kule Tabora, Uyole kule Mbeya, Ilonga kule Kilosa na Ukiriguru kule Mwanza. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao makuu Arusha, ndiyo inayosajili dawa. Ukitilia shaka dawa fulani, afisa ugani anaweza kuuliza huko kwa niaba yako. Na kila mwaka ifikapo Nane Nane, ukienda kwenye maonyesho, usiishie kutazama ng'ombe wakubwa. Nenda kwenye banda la hifadhi ya mazao, omba kufundishwa kufunga mfuko kwa mikono yako mwenyewe.

Basi ndugu mkulima, kabla hatujaagana tukumbushane. Vuna kwa wakati. Anika juu ya turubai. Pukuchua na kuchagua. Pima kwa chumvi. Safisha ghala. Halafu chagua njia moja kati ya zile tatu na uifuate sawasawa. Kila wiki mbili zungukia ghala lako: inama, tazama chini ya magunia kama kuna unga, nusa kama kuna harufu. Ukiona dalili, usingoje kesho.

Na mama yako akikwambia mahindi hayajakauka, msikilize.

Kwa leo tuishie hapo. Nakutakia kazi njema, na chakula kikufikishe mavuno mengine.